Ukuta wa Kisima cha Pujini

Mwalimu kijana aliporejea Chake Chake kutoka masomoni Dar es Salaam, miongoni mwa vitabu vyake palikuwa na dadu moja jekundu lenye nyuso 20, dogo kuliko kungumanga. Usiku wa tatu wa Ramadhani ya mwaka 2025, baada ya tarawehe, alitandika mkeka barazani, akawaita watoto watatu wa dada yake, akalitoa dadu lile mfukoni na kuliweka katikati yao. Mama yake, aliyekuwa akitoka ndani na dele la kahawa, alisimama mlangoni.

“Mwanangu, dadu katika nyumba hii, na mwezi huu?”

“Si kamari, mama. Hapana anayeweka pesa.”

“Sikukuuliza pesa. Nimekuuliza dadu.”

Dadu likarudi mfukoni na mkeka ukakunjwa. Asubuhi yake kijana alikwenda kwenye baraza ya wachezaji bao, pahala ambapo kete 64 huhesabiwa kila jioni kama fedha za amana, akaomba komwe za akiba. Alipewa 20. Akaziandika nambari kwa wino, moja hadi 20, akazitia katika mkoba wa ukili. Kanuni ikawa hii: anayetaka kujua kama jambo lake litafanikiwa hutia mkono mkobani bila ya kutazama, hutoa komwe moja, husoma nambari yake, kisha huirudisha. Bibi aliutikisa mkoba ule, akasikiliza mlio wake, akasema, “Haya. Hizi tunazijua.”

Hivyo ndivyo mchezo wa kigeni ulivyobadilishwa kwa mara ya kwanza kisiwani, hata kabla haujachezwa. Mabadiliko yaliyofuata hayakuwa mepesi kama hayo.

Mchezo wenyewe ni wa namna ambayo wapenzi wa hadithi hawataiona ngeni. Mtu mmoja huwa msimulizi; yeye huujenga ulimwengu, miji yake, wafalme wake, njia zake na khofu zake. Wengine huchagua kila mmoja mhusika wake, akasema kwa ulimi wake na kutenda kwa mikono yake. Msimulizi husema, “Umefika mbele ya lango, na lango limefungwa.” Mchezaji hujibu atakachofanya. Penye shaka, dadu huamua. Hapana mshindi, na hapana mwisho ila ule ambao wenyewe wamekubaliana. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuchapishwa na kuuzwa ni Dungeons & Dragons, ulioandikwa na Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, na kutolewa mwaka 1974. Tangu hapo umekwenda pembe zote za dunia, na popote ulipofika, wachezaji hawakukaa muda mrefu ndani ya ulimwengu waliopewa bila ya kutaka kuhamisha jambo.

Katika malimwengu yaliyobuniwa kwa ajili ya mchezo huo, mmoja mashuhuri ni ule uitwao Forgotten Realms. Mwenye kuubuni ni Mkanada, Ed Greenwood, aliyeanza kuuandikia hadithi akiwa bado mtoto, katika miaka ya 1960, kabla mchezo wenyewe haujakuwapo. Ulipochapishwa mwaka 1987 ukawa mali ya kampuni kwa karatasi za sheria, na mali ya wachezaji kwa mazoea. Mwaka 2008 kampuni iliamua kuutikisa: ikaleta balaa la kichawi, ikaua miungu, ikabadilisha ramani, ikaruka kiasi cha miaka 100 mbele, hata wahusika wengi waliozoeleka wakawa wamekwisha kufa. Wapenzi wengi walikasirika kama watu waliorudi kijijini kwao wakakuta nyumba zimebomolewa na makaburi hayana alama. Kanuni mpya zilipotoka mwaka 2014, baadhi ya yaliyoondolewa yalikuwa yamerudishwa.

Lakini wapenzi hao hao, waliokataa kubadilishiwa, nao walikuwa na mambo waliyotaka yabadilike. Kwa miaka mingi wapo waliolalamika kwamba katika ulimwengu ule jamii nzima za viumbe, kama vile wale waitwao orc na drow, zimeandikwa kuwa mbaya tangu tumboni mwa mama. Mchezaji aliyewahi kuambiwa maneno kama hayo juu ya watu wake mwenyewe hakuweza kuyachukua kuwa ni mchezo tu. Mwaka 2020 wachapishaji walitangaza kuwa wataacha kuwaonesha viumbe hao kwa namna ile, na katika kanuni za mwaka 2024 neno lililokuwa likizigawa jamii hizo kwa mbari liliachwa.

Ukiyaweka pamoja mambo haya mawili, hasira ya mwaka 2008 na madai yaliyosikilizwa mwaka 2020, utaona kuwa hayapingani. Mwenye kuupenda ulimwengu wa kubuni anataka pale anapopapenda pabaki, na pale panapomuuma paguswe. Taabu huja pale pahala pamoja panapopendwa na huyu na kumuuma yule.

Kijana wetu alikuwa amecheza miaka miwili na wenzake wa chuo katika malimwengu ya namna hiyo, yenye theluji na misitu ya misonobari. Usiku mmoja, akiwa katikati ya mchezo, alijiuliza kwa nini ngome zote anazoingia zina baridi. Kwao Pemba, kiasi cha kilomita 10 kusini-mashariki ya Chake Chake, ipo ngome ambayo kila mtoto ameisikia habari yake. Akaazimia kwamba akirudi nyumbani atawachezesha wapwa zake huko, katika Pujini ya Mkama Ndume.

Jina lenyewe ni hadithi: mkamua wanaume. Mapokezi yanasema alikuwa mtawala mkali mno, aliyewafanya raia zake wachukue mawe ya kujengea ngome yake huku wamekaa chini, wakijisogeza kwa makalio hatua kwa hatua. Yanasema pia alikuwa na wake wawili waliooneana wivu hata hawakuweza kukutana, naye akajenga ukuta ndani ya kisima: mmoja akateka maji upande wake kwa ndoo na kamba, mwengine akashuka kwa ngazi upande wa pili. Na kule kaskazini, Chwaka, karibu na Tumbe, lipo kaburi na magofu ya Haruni, ambaye watu humwita mwanawe.

Ama wataalamu, wao wamesema yao. F. B. Pearce, aliyekuwa Balozi Mkaazi wa Uingereza Zanzibar, aliyaeleza magofu ya Pemba katika kitabu alichokichapisha mwaka 1920. Katika miaka ya 1990 Adria LaViolette wa Chuo Kikuu cha Virginia alifukua Pujini, na ngome ikajulikana kuwa ni ya karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16, wakati ambapo miji mingi ya Waswahili haikuwa na ngome ya namna ile. Ndani yake kiko chumba cha chini ya ardhi, na ukutani mwake taswira ya siwa, ile baragumu ya enzi ambayo haikupulizwa ila kwa wakubwa. Hayo ndiyo yanayooneshwa na mawe. Wivu wa wake wawili haufukuliwi kwa jembe; huo umefika kwa midomo, na midomo ya Pemba imeuchukua karne nyingi bila ya kuuangusha.

Msimulizi akachora ramani: kuta, handaki, lango, kisima, chumba cha siwa. Akawapa watoto nafasi ya kuchagua. Mdogo, mwenye miaka 11, alikuwa mvuvi aliyekuja kuuza samaki ngomeni. Mkubwa, mwenye miaka 15, alikuwa askari wa zamu. Wa kati, msichana wa miaka 13, alisema atakuwa binti anayemtekea maji mke mdogo, yule wa ngazi.

Usiku wa kwanza mvuvi alitaka pawe na jini katika chumba cha siwa. Msimulizi alikubali mara moja, maana Pemba isiyo na majini nani angeiamini? Usiku wa tatu askari alisimama juu ya ukuta, akawatazama wachukuzi wa mawe, akauliza, “Mjomba, yule wa mbele anaitwa nani?”

Mjomba alitazama karatasi yake. Palikuwa pameandikwa: wachukuzi, 30.

“Hawana majina,” alisema.

“Basi mimi siwalindi. Nashuka nawaambia wasimame.”

Alitia mkono mkobani, akatoa tatu. Wachukuzi hawakusimama. Kijana yule akanuna, akasema hadithi hii ni mbaya, kwamba watu 30 hawawezi kusukumwa na mtu mmoja, na kwamba lau yeye ndiye aliyeitunga, Mkama Ndume angekwisha siku ile ile. Mjomba alifurahi kwa siri. Aliona mchezo umeshika, kwa sababu mtoto asiyeijali hadithi hagombani nayo.

Usiku wa tano ndipo mambo yalipoharibika. Msichana alikuwa ameshuka ngazi za kisima, mtungi kichwani. Msimulizi akamweleza giza, unyevu, na ukuta mbele ya uso wake. Upande wa pili, akasema, inasikika ndoo ikigonga maji.

“Nauvunja ukuta,” alisema msichana.

“Kwa nini?”

“Nauvunja tu.”

“Una mtungi wa udongo, huna mtaimbo. Utahitaji zaidi ya 18.”

Alitia mkono, akatoa komwe, akaigeuza kwenye mwanga wa taa. Ilikuwa 19. Ndugu zake wakapiga makofi. Msimulizi alikuwa amekwisha kufungua kinywa kueleza namna jiwe la kwanza linavyotoka, ndipo sauti ikatoka ndani, kupitia dirishani.

“Ukuta huo usivunjwe.”

“Mchezo tu, Bibi,” alisema mdogo.

“Nimesema usivunjwe.”

Msichana aliweka komwe juu ya mkeka, akaondoka, akaingia ndani bila ya kupita mbele ya bibi yake. Mkoba ukafungwa.

Kijana alilala akiwa na maelezo yake tayari, kama wasomi walivyo. Alijiambia kuwa wazee hulinda mapokezi na vijana hutaka mapya, na kwamba ugomvi huo uko kila pahala, tangu Chake Chake hata Marekani. Maelezo hayo yalimtosha mpaka asubuhi, alipomkuta mama yake uani akikuna nazi, akakaa juu ya kigoda karibu naye ili kumtaka radhi.

“Sikukasirikia dadu wala komwe,” alisema mama. “Hadithi ile nilipewa na mama yangu.”

“Najua, mama. Kila mtu Pemba amepewa na mtu.”

“Hujui. Mama yangu aliolewa mke wa pili. Nyumba moja, vyumba viwili, ua mmoja, kisima kimoja. Miaka saba yeye na mwenziwe hawakusemezana. Mmoja akiteka maji alfajiri, mwengine akisubiri alasiri. Mimi nilizaliwa katika mwaka wa nne. Habari hizo nilikuja kuelezwa na watu wengine, yeye amekwisha kufa. Yeye mwenyewe hakupata kunieleza hata siku moja. Alinieleza Pujini. Kila usiku Pujini, na kila akifika kwenye kisima akinyamaza kidogo, kisha akiendelea.”

Akaipiga mbuzi kwa kifuu kukung'uta machicha.

“Sasa mkiuvunja ukuta, mama yangu atakuwa amenieleza nini?”

Kijana hakuwa na jibu. Na alipokuwa amekaa pale, akiitazama nazi ikijaa katika chano, lilimjia jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake kwa mwezi mzima. Dada yake alirudi nyumbani kwa mama yao mwaka uliopita, na watoto watatu na masanduku mawili, baada ya mumewe kuoa Wete. Talaka haikutoka, ilitoka kimya. Watoto huenda Wete siku ya Ijumaa, wakala chakula cha mchana kwa baba yao, wakarudi na gari ya jioni. Huko wana mdogo wao wa miezi mitano. Watoto wa kiume wamekwisha kumbeba. Msichana hajambeba, kwa kuwa mtoto hukaa chumbani kwa mama yake, naye katika chumba kile hajaingia, wala hajaambiwa aingie, wala hajui kama akiingia mama yake mwenyewe atamtazama vipi akirudi.

Bibi na mjukuu walikuwa wamegombania ukuta mmoja. Kwa mmoja, ukuta ule ulikuwa ndio maneno pekee ambayo mama yake aliweza kuyasema. Kwa mwengine, ulikuwa mlango uliozibwa. Angeubakisha, msichana angejua kuwa hata katika mchezo hapana njia. Angeuvunja, bibi angepoteza usia.

Jirani wa nyumba ile ni mzee aliyesomesha skuli kwa miaka mingi, ambaye sasa kazi yake ni mashairi. Mtaa mzima humwita Maalim. Katika vitabu vyake kimoja hakikai kabatini kwa kuwa huazimwa kila mara, nacho ni Kale ya Washairi wa Pemba, diwani ya Kamange na Sarahani iliyotoka mwaka 2011 kwa uhariri wa Abdilatif Abdalla. Kijana alimwendea baada ya sala ya alasiri.

“Shikamoo, Maalim.”

“Marahaba, mwanangu. Naambiwa umeifungua Pujini upya.”

Akaelezwa yote, ila ya Wete, ambayo pengine alikwisha kuyajua. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, “Wewe umesoma takhmisa?”

Takhmisa, kwa wasomaji wa kurasa hizi, haihitaji maelezo marefu. Mshairi huchukua shairi la mwenziwe, aghalabu la mtu aliyekwisha kutangulia, akaongeza mishororo mitatu kabla ya kila miwili ya yule wa kwanza, ubeti ukawa wa mishororo mitano. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, mwenye Al-Inkishafi, alilifanyia hivyo shairi la Liyongo. Sharti lake ni gumu kuliko linavyosikika. Yale mawili ya kale hayaguswi, hata neno moja. Mgeni hupewa nafasi kubwa kuliko ya mwenyeji, mitatu kwa miwili, lakini lazima vina vyake viangukie kwenye vina vya mwenyeji, na maana yake impeleke msomaji kwenye maneno yale ya zamani, ayasome kana kwamba hajapata kuyasoma.

“Mtu anayefuta ubeti wa mwenziwe ameandika shairi lake,” alisema Maalim. “Si vibaya, lakini aliite lake. Na anayeuhifadhi ubeti tu, asiongeze kitu, huyo ni kabati. Wewe huna haja ya kuwa mmoja wa hawa wawili.”

Kijana alirudi nyumbani, lakini mkoba hakuufungua tena mwezi ule. Ramadhani ikaisha. Siku ya tatu ya Idi aliwachukua watoto kwenda Pujini, na mama yake akasema naye atakwenda. Mvua za masika zilikuwa zimeanza na njia ilikuwa na matope. Wageni wanaokwenda pale huenda wakitazamia ngome na kukuta zaidi majani, mawe yaliyolala na mabonde ambayo zamani yalikuwa handaki. Asiyekwenda na hadithi yake kichwani hurudi hana alichokiona. Mtoto mkubwa alipita juu ya mawe akiyahesabu. Mdogo alitafuta jini. Bibi na msichana walikwenda kwenye kisima, wakasimama kimya, mmoja huku na mwengine kule, shimo likiwa katikati yao. Hapana aliyejua walichokuwa wakikitazama. Walipoondoka, msichana alimshika bibi yake mkono kwa ajili ya utelezi.

Usiku ule mkeka ukatandikwa. Msimulizi akatangaza kanuni mpya: lililopokewa halifutwi, lakini juu ya kila mambo mawili yaliyopokewa, mchezaji ana haki ya kuongeza matatu. Akawapa siku mbili za kufikiri.

Mtoto mkubwa alikuja na karatasi. Wachukuzi watajisogeza kwa makalio, kama ilivyosemwa, na mawe watayachukua. Lakini kwanza, wana majina; na akayasoma 30, na bibi akacheka kusikia majina ya babu wa mtaa mzima. Pili, kila mmoja hukwaruza alama yake upande wa chini wa jiwe, pale ambapo Mkama Ndume hataona mpaka ngome ianguke. Tatu, kila mmoja amemfundisha mwanawe alama hiyo. Msimulizi aliandika. Aliona kuwa hadithi haikuwa imelainishwa hata kidogo. Ukatili wa yule mtawala ulikuwa umezidi kuonekana, kwa kuwa sasa ulikuwa ukitendewa watu wenye majina.

Kisha ikafika zamu ya msichana. Binti wa mtungi akashuka ngazi. Ukuta ukawa mbele yake, mzima.

“Ukuta unazuia watu,” alisema polepole. “Maji hauyazuii. Chini kabisa maji ni mamoja.”

“Ni mamoja,” alikubali msimulizi.

“Basi nasubiri mpaka nisikie ndoo ya upande wa pili. Nina kikuba cha asumini. Nakitia majini, nakisukuma kipite chini.”

“Zaidi ya 15.”

Alitia mkono mkobani. Ilitoka nne. Kikuba kikazunguka, kikarudi miguuni mwake. Hakulia wala hakununa. Alikirudisha komwe mkobani kama kanuni inavyotaka, akakaa akitazama mkeka.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake karibu na mlango, mahali alipokaa nyusiku zote, mwenye kucheza na asiyecheza.

“Na yule wa kamba?” aliuliza.

“Yupi, mama?”

“Wa upande wa pili. Mnamsema yeye na ndoo yake. Hana masikio? Hajasikia kitu majini?”

Msimulizi hakuwa amemwandikia yule mke mkubwa hata mstari mmoja. Katika hadithi yote alikuwa ni mlio wa ndoo.

“Hana mchezaji,” alisema.

“Nipe mkoba.”

Akautia mkono wake ndani, akazisogeza komwe taratibu, mtu aliyezijua tangu utotoni, akatoa moja. Miwani yake ilikuwa ndani, kwa hivyo akampa mjukuu wake aisome.

“Kumi na mbili,” alisema msichana.

Wote wakamtazama msimulizi. Hakuwa ametaja ni ngapi zinahitajika. Angeweza kusema kumi, angeweza kusema kumi na tano. Akamtazama mama yake, akamtazama dada yake, ambaye kumbe alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango muda wote ule.

“Inatosha,” alisema. “Ameinamisha ndoo. Kikuba kimeingia.”

Hapakupigwa makofi. Mdogo aliuliza kama sasa wanaweza kurudi kwa jini, na wakarudi kwa jini.

Ijumaa iliyofuata watoto walipokuwa wakijitayarisha kwenda Wete, msichana alikwenda kwenye mti wa asumini ulioko uani, akachuma, akakaa kizingitini kusokota kikuba na mrehani. Kilipokwisha alikifunga katika karatasi iliyoroweshwa kidogo ili kisinyauke njiani. Mama yake alimwona. Akaingia ndani, akatoka na kikofia cha sufi cha mtoto mchanga, kilichokuwa cha yule wa mwisho wake, akakiweka juu ya karatasi ile, na hakusema ni cha nani.